Jumamosi katika migomba ya Shangazi, Nakivale

UKITAKA kuianza kazi ya Shangazi mapema Jumamosi, sharti ulale Mbarara. Ijumaa baada ya vipindi navuka mpaka wa Kagitumba na Mirama Hills, napita Ntungamo, na usiku unanikuta mjini. Alfajiri nanunua chumvi, sabuni na kiberiti, kisha napanda teksi ya Isingiro. Msomaji asiyeijua Uganda aelewe kwamba teksi huku ni ile Hiace ambayo wengine huiita daladala au matatu. Sehemu iliyobaki ni bodaboda na vumbi.

Shangazi anaishi ukingoni mwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na sisi Wanyarwanda tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kupokewa. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Ndiko nilikosomea. Mwaka 1994 familia yetu iliporejea Rwanda, Shangazi alikuwa ameshaolewa na mwenyeji. Alibaki na mume wake na migomba yao. Sasa ni mjane, watoto wako Kampala, na mwana wa kaka yake ndiye kibarua wa mwisho wa wiki.

Kazi yenyewe kila mkulima wa ndizi anaijua: kukata majani makavu, kutandaza nyasi ili unyevu usipotee, kupunguza machipukizi. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, basi. Ukiacha ukoo mzima usimame pamoja, utavuna vikungu vya kulisha kuku.

Miaka ya nyuma nilikuwa nakwenda kila mwezi. Februari 2019 mpaka ukafungwa. Wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kukumbushwa hasara waliyoipata. Kisha ikaja korona. Gatuna ilifunguliwa Januari 31, 2022, na sisi abiria wa kawaida tukaruhusiwa Machi. Nilipofika, nyasi zilikuwa zimepanda hadi kiunoni, na katikati ya shamba migomba ilikuwa imesinyaa kama iliyomwagiwa maji ya moto.

Ulikuwa mnyauko. Ugonjwa huu uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na haukuheshimu mpaka wowote. Kongo, Rwanda na Kagera kwote umefika. Majani hulegea na kuwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa na kutu nyekundu. Ukikata shina, hutoka usaha wa njano. Dawa ya kunyunyizia hakuna.

Wadudu wanaofuata ua dume huueneza, lakini mwenezaji mkubwa ni sisi wenyewe na mapanga yetu. Kijana aliyekuwa akimsaidia Shangazi alikuwa akikata majani kwa panga lile lile alilotoka nalo shamba la jirani. Simlaumu, hakuna aliyemwambia.

Basi sasa Jumamosi yetu huanza na moto. Kila panga linapitishwa kwenye ndimi za moto hadi lishindwe kushikika, na hurudishwa motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Ua dume halikatwi kwa panga kabisa. Mkungu ukishatoa chane ya mwisho, nalivunja kwa kijiti chenye panda, nikilizungusha mpaka likatike. Mkono huchoka na shingo huuma, lakini kijiti hakigusi utomvu wa mgomba mwingine kama panga lifanyavyo.

Zamani tuliambiwa tung'oe shina zima pamoja na mizizi, tulizike. Kwa mama wa miaka sabini hiyo ni adhabu. Siku hizi wataalamu wanashauri kukata mgomba unaougua peke yake, chini kabisa, mara tu dalili zinapoonekana, na kurudia kila unapoona mwingine. Si kila chipukizi la shina hilo huugua.

Kuna jambo moja linaloniudhi. Kwa muda mrefu nilitaka kupeleka machipukizi ya shamba hili nyumbani Rwanda. Nimewaona watu wakivusha machipukizi ndani ya gunia la mkaa. Chipukizi laweza kuwa na ugonjwa na bado likang'aa kwa ubichi. Ukilivusha bila cheti cha afya ya mimea, huenda umevusha msiba wa kijiji kizima. Nimeacha wazo hilo, ingawa liliniuma.

Liliniuma kwa sababu ya shina moja karibu na jiko. Baba yangu alilipanda alipokuja kumsaidia shemeji yake, miaka minane kabla ya kurejea kwetu. Jumamosi iliyopita jani lake la katikati lilikuwa limelegea.

"Mwalimu, hilo nalo?" Shangazi aliuliza.

"Hilo nalo, Shangazi."

Alikaa kimya, kisha akaenda mwenyewe kuliweka panga motoni. Nilikata mama, chini kabisa, utomvu wa njano ukachuruzika. Mtoto na mjukuu tuliwaacha. Shangazi aliwafunga uzi mwekundu ili mtu asije akawagusa kwa panga chafu.

Jana amepiga simu. Mtoto ana jani jipya. Mjukuu bado hajui.