Usiihamishe Akiba ya Mama

Jumamosi iliyopita, kwenye matanga hapa Leicester, kijana mmoja alinivuta pembeni kabla hata sinia hazijaondolewa. "Dada, mama ana pauni elfu kumi na nane benki. Nizihamishie kwangu, ili kaunsili imsaidie bili ya gesi?" Ni mara ya nne naulizwa hivyo tangu Novemba iingie. Hapana. Usiziguse.

Kesho yake nilimtembelea mama mwenyewe. Nilimkuta jikoni, koti la nje juu ya kanga mbili, mlango wa oveni ameuacha wazi ili joto la mkate aliooka lisipotee bure. Hita za nyumba nzima zilikuwa zimezimwa. Mwanawe alikuwa amemwambia hastahili kitu, naye akaamua kubana. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 13. Wataalamu wa afya wa England wanashauri nyumba ya mzee isishuke chini ya nyuzi 18.

Imani hii, kwamba akiba humnyima mzee msaada, chanzo chake ni Universal Credit, msaada wa watu walio katika umri wa kufanya kazi. Huko, akiba ikizidi pauni 16,000 hupati hata senti. Watoto wetu waligonga ukuta huo wao wenyewe, kisha wakaenda kuujenga tena mbele ya wazazi wao. Mzee aliyestaafu anaomba Pension Credit, na Pension Credit haina ukomo wa akiba! Pauni 10,000 za kwanza haziguswi kwenye hesabu. Zinazozidi hapo, kila pauni 500 huhesabiwa kuwa kipato cha pauni 1 kwa wiki. Nyumba anayoishi haihesabiwi.

Tumpigie hesabu mama huyu. Kwa viwango vya mwaka wa fedha wa 2025/26, mzee anayeishi peke yake hujaziwa kipato chake hadi pauni 227.10 kwa wiki. Pensheni yake ni 180. Akiba iliyozidi ni 8,000, yaani pauni 16 kwa wiki. Jumla 196. Haki yake ni pauni 31.10 kila wiki, zaidi ya 1,600 kwa mwaka, na pesa aliyojiwekea ya mazishi iko palepale.

Sasa tuseme mwanawe amezihamisha. Afisa akiomba taarifa za benki na kuona kwamba zilitolewa ili msaada upatikane, ana mamlaka ya kumhesabia mama kana kwamba bado anazo. Mama hana pesa mkononi, na kwenye hesabu anazo. Akizificha anapoulizwa, huo ni udanganyifu, na aliyetia saini fomu ni mama. Nimekaa na wazee wenye barua ya namna hiyo mapajani, hawalali. Kiwanja cha Mbagala au nyumba ya kupangisha Kisauni navyo vinatajwa, msivifiche.

Kaunsili inakuja baada ya hapo. Punguzo la kodi ya kaunsili kwa wazee wa England lina ukomo wa akiba wa pauni 16,000, lakini mzee akipata sehemu ya Pension Credit iitwayo Guarantee Credit, ukomo huo unaondoka. Kisha ulizeni mfuko wa msaada wa kaunsili: Household Support Fund, iliyoanza Oktoba 2021 na kupangwa kumalizika Machi 2026, au Crisis and Resilience Fund iliyopangwa kuipokea. Kila kaunsili inajiwekea masharti yake na pesa huisha, basi pigeni simu mapema. Mwenye mita ya kulipia kabla, kama LUKU, aombe vocha. Warm Home Discount ni pauni 150 kwenye bili ya umeme. Cold Weather Payment ni pauni 25 kwa kila siku saba mfululizo ambazo wastani wa baridi ni nyuzi sifuri au chini yake. Anayehitaji msaada kuoga au kuvaa aombe Attendance Allowance, ambayo haiangalii akiba hata kidogo. Mwenye viza iliyokataza misaada ya umma amwone mshauri wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Tulipiga simu ya Pension Credit Jumatatu asubuhi. Mama alikuwa na haki ya kuomba tangu alipofiwa na mumewe, miaka minne iliyopita. Akikubaliwa, atarudishiwa miezi mitatu.