Mahali pa Elimu kwa Maendeleo Endelevu Katika Shule ya Msingi

Walimu wanafunzi wengi, wasikiapo habari za elimu kwa maendeleo endelevu, hudhani kwamba limeongezwa somo jingine katika ratiba iliyokwisha kujaa. Sivyo mataifa yalivyokubaliana.

Mwezi Oktoba 1977 wajumbe wa serikali nyingi walikutana Tbilisi, Georgia, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Muungano wa Kisovieti, kwa wito wa UNESCO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Walitaja malengo matano ya elimu ya mazingira: mwamko, maarifa, mwelekeo, stadi na ushiriki. Hawakudai somo jipya. Walitaka masomo yaliyopo yashirikiane kuyachunguza matatizo halisi ya jamii. Mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992 uliipanua fikra hiyo, mazingira yasitengwe na maendeleo ya watu. Kisha Umoja wa Mataifa ukaitengea kazi hiyo muongo mzima, 2005 hadi 2014.

Kwetu Tanzania fikra hii si ngeni. Elimu ya Kujitegemea, aliyoieleza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua. Lakini katika shule kadha wa kadha shamba liligeuka mahali pa adhabu, na watoto wakalichukia jembe. Hatari hiyo ingalipo: kupanda miti kwa amri hakutofautiani sana na kulima kwa adhabu.

Tuchukue mfano wa korongo lililochimbwa na mvua nyuma ya madarasa. Katika hisabati, wanafunzi wa Darasa la Tano walipime upana na kina kila mwezi, kwa kamba yenye mafundo ikiwa hapana futi kamba. Katika jiografia wachunguze mteremko na njia ya maji. Katika Kiswahili wawaulize wazee lilianza lini, nao waandike waliyoyasikia. Kisha waamue wenyewe: mawe, nyasi, au mtaro wa kuyageuza maji?

Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa mara nyingi, pengine kwa kuwa mtihani hauiulizi. Bila hiyo, lengo la tano la Tbilisi halikuguswa. Mwalimu asitangulize jibu lake. Wakichagua nyasi na mvua ikazizoa, kamba yao itawaonyesha hayo mwezi unaofuata, nao watajadili upya.