Ziwa Kivu linajaribiwa kwanza ndani ya kompyuta

Mchimbaji wa Kamituga au Nyabibwe akishuka shimoni anajua kwamba hewa mbaya haina harufu. Moto unafifia, magoti yanalegea, na asiyepanda haraka hapandi tena. Kule Goma wanaiita mazuku. Hewa ileile imelala chini ya Ziwa Kivu: ikitolewa yote juu, ingejaza karibu kilomita za ujazo 300. Pamoja nayo iko metani, 60 hivi, ile gazi inayowaka na kutoa umeme.

Maji ya chini ni mazito, yana chumvi, ndiyo yanaizuia isipande. Mwaka 1986, ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana mbele ya letu, lilifunguka usiku. Watu 1,700 hivi walikufa.

Kutoa metani ni kuchimba. Unavuta maji ya chini, gazi inatoka kama povu ukifungua chupa ya Primus, halafu maji yanabaki. Utayarudisha wapi? Shimo la dhahabu likiharibika, anayepona anaanza lingine pembeni. Ziwa ni moja tu.

Kwa hiyo wataalamu, kati yao wale wa taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, wamelijenga kwa hesabu ndani ya kompyuta. Wanalikata tabaka nyembamba kutoka juu mpaka mita 485. Kila tabaka inapewa joto lake, chumvi yake, gazi yake. Wanaongeza jua, upepo na chemchemi za chini. Kwanza ziwa la hesabu lazima lifanane na lile lililopimwa. Lisipofanana, wanarekebisha. Ndipo wanachimba humo miaka mingi kwa muda mfupi, bila kumuua mtu. Majibu yako wazi: maji yakirudishwa juu mno, mbolea ya chini inapanda, hewa ya samaki inapungua, na sambaza wetu wanapata taabu. Yakirudishwa vibaya, kile kifuniko kizito kinalegea.

Lakini kompyuta inakula unachoilisha. Mwaka 2005 hesabu zilionyesha metani inaongezeka haraka, watu wakaogopa. Vipimo vya mwaka 2018 vikaonyesha haijaongezeka namna ile. Kamba iliyoshushwa majini ilirekebisha kompyuta.

Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, KivuWatt inatoa megawati 26 tangu 2016. Kwetu, Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 3 vya gazi mwaka 2022. Mbele ya Bukavu ziwa halina kina kikubwa, gazi nyingi iko kaskazini, lakini maji hayana mpaka, na sambaza wa soko letu hawana pasipoti.

Basi siku kampuni itakuja Kalehe na picha za rangi kwenye skrini, sisi tunaojua mashimo tuulize mambo mawili: maji yatarudishwa mita ngapi, na nani alishusha kamba kupima?