Tofaa, Vuli na Moto wa Kupalia: Kufasiri Upishi wa Ugenini katika Jiko la Gatwekera

Maelekezo ya upishi ni matini, na kama matini nyingine yoyote yanaweza kupotoshwa yanapofasiriwa. Msomaji wa shairi lililofasiriwa vibaya hupungukiwa na ladha. Msomaji wa maelekezo ya upishi yaliyofasiriwa vibaya hupoteza unga, sukari na makaa. Katika Gatwekera, mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera jijini Nairobi, bidhaa hizo aghalabu hununuliwa kwa vipimo vidogo: makaa kwa mkebe, mafuta kwa kupimiwa. Chakula kikiungua, hakuna cha pili siku hiyo. Makala haya yanachukua pishi moja la Kimarekani, matunda yaliyookwa chini ya chenga za unga, na kufafanua jinsi linavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili ambacho mpishi wa Gatwekera ataweza kukifuata mbele ya jiko lake.

Pishi lenyewe ni jepesi. Matunda hukatwakatwa yakawekwa chini. Unga husuguliwa kwa mafuta na sukari hadi ukawa chengachenga, kisha hunyunyizwa juu na kuokwa mpaka ukauke na kugeuka rangi ya hudhurungi. Hakuna kukanda wala kusukuma. Nchini Uingereza pishi la jamii hiyo lilienea sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siagi na sukari zilipokuwa zikigawiwa kwa kipimo tangu 1940, kwani chenga hutaka mafuta machache kuliko ganda la kusukumwa. Ni chakula kilichozoea uhaba. Kwa hiyo si jambo la ajabu kukiwazia Gatwekera.

Ugumu unaanzia katika jina la tunda. Nchini Marekani hutumika tunda ambalo Waswahili wengi wa leo huliita tufaha, na wauzaji wa Nairobi huliita epo. Baadhi ya wafasiri huandika tofaa. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu humaanisha tunda hilo hilo la nchi za baridi. Hata hivyo, mtu wa pwani akitajiwa tofaa hufikiria tunda la mtofaa: jekundu au la waridi, lenye nyama nyeupe iliyojaa maji na harufu kama ya marashi, lililotoka Asia ya Kusini-Mashariki. Waswahili walilipa tunda geni jina la tunda jingine geni, na jina likakaa. Mpishi atakayeoka tofaa la pwani kwa maelekezo ya tufaha atapata maji matupu.

Neno la pili ni vuli. Wamarekani hulihusisha pishi hili na majira ambapo majani hupukutika na matufaha huvunwa, yaani Septemba hadi Novemba. Wafasiri huyaita majira hayo vuli. Lakini kwa Mwafrika Mashariki vuli ni msimu wa mvua fupi, takribani Oktoba hadi Desemba. Majani hayapukutiki, yanachipua. Matufaha mengi yanayouzwa Nairobi hutoka Afrika Kusini, ambako huvunwa kuanzia Februari hadi Mei. Kumwambia mkazi wa Gatwekera kwamba vuli ndiyo msimu wa matufaha ni kumweleza habari za nchi nyingine.

Kinachowadia kwa kweli mvua za vuli zinapoelekea mwisho ni maembe. Kuanzia Novemba hivi, maembe ya Ukambani huanza kujaa katika masoko ya Nairobi, na miongoni mwake mna aina ya mviringo, isiyo na nyuzi nyingi, inayodhaniwa kuwa na chimbuko lake katika pwani ya Kenya. Wakulima na wachuuzi huiita embe epo. Hapo lugha ya soko imetangulia kufanya kazi ya mfasiri: epo ya vuli ipo, nayo ni embe. Lichaguliwe lililopevuka lakini bado gumu, kwani lililoiva sana huwa rojo. Ndimu kidogo huleta ukali ambao tufaha huwa nao kwa maumbile.

(Nafaka ambayo Wamarekani wengi huchanganya katika chenga nayo imekuwa ikiitwa shayiri, jina ambalo ni la nafaka nyingine kabisa. Karanga zilizopondwa zitafaa zaidi, tena zinapatikana.)

Suala zito zaidi ni kitenzi oka. Maelekezo ya kigeni yanachukulia kwamba kuna oveni, na mfasiri mvivu huandika “weka katika oveni” akamaliza. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 chenye jiko moja la makaa, sentensi hiyo haina maana. Kumbe wapishi wa pwani wana neno lao la kale: kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili chakula kipate joto la juu na la chini. Ndivyo mkate wa sinia unavyookwa. Kitenzi hiki kimebeba mbinu nzima ndani yake, nacho kinastahili kurejeshwa katika vitabu vya mapishi.

Basi kilo moja ya maembe hukatwa vipande, yakatiwa ndimu na sukari kijiko kimoja, kisha yakapikwa bila kifuniko kwa dakika chache. Hatua hii haimo katika maelekezo ya Kimarekani, lakini hapa ni ya lazima. Oveni hutoa mvuke nje. Sufuria iliyofunikwa huuzuia, ukarudi kama matone na kulowesha chenga. Maji lazima yapunguzwe mapema. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, nusu cha karanga na takribani gramu 110 za majarini husuguliwa kwa ncha za vidole, si kwa viganja, kwa sababu viganja huyeyusha mafuta na chenga zikawa donge. Mdalasini ukiwapo, vyema.

Makaa hugawanywa: theluthi moja ibaki jikoni, theluthi mbili zipaliwe juu, kwani sukari iliyo chini huungua upesi ilhali chenga zinahitaji kukauka. Kifuniko kiwe sinia la chuma. Aluminiamu huyeyuka katika nyuzi 660 za sentigredi, na bati la paa limepakwa zinki isiyofaa karibu na chakula. Sinia liachiwe mwanya mdogo upande mmoja wa kutolea mvuke. Baada ya dakika 35 au 40, harufu ya karanga ikisikika, lifunuliwe.

Kazi yote hii ifanyike nje au mlangoni. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Makaa yanayosalia juu ya sinia hurudishwa jikoni, na kwa kawaida hutosha kuchemsha chai ya kuteremshia.