Nani Anayeamua Mwisho? Ngano ya Mtanziko na Gemu za Miisho Mingi

Mwalimu mwenzangu, mwulize mtahiniwa yeyote wa Kidato cha Nne ngano ya mtanziko ni nini, naye atakujibu bila kusita: ni ngano ambayo mhusika wake anakabiliwa na chaguo gumu kati ya mambo mawili au zaidi. Jibu hilo limewapa wengi alama, na sitarajii liache kuwapa. Hata hivyo, ukilichunguza utaona kwamba lina upungufu. Sungura wa hurafa naye hukabiliwa na chaguo gumu. Shujaa wa mighani vivyo hivyo, na mhusika mkuu wa riwaya au tamthilia ndiyo kazi yake. Iwapo karibu kila mhusika ana mtanziko, ni kitu gani basi kinachofanya ngano moja iitwe ya mtanziko na nyingine isiitwe?

Makala haya yanashikilia kwamba jibu tulitafute kwa hadhira. Katika ngano ya mtanziko iliyokamilika, fanani husimulia mpaka penye njia panda, akanyamaza, kisha akawageukia wasikilizaji na kuwauliza: je, ingekuwa ninyi? Uamuzi umetoka mkononi mwa mhusika na kuingia mkononi mwa msikilizaji. Mjadala unaozuka baada ya hapo, huyu akisema aokolewe mama, yule akisema aokolewe mtoto, ni sehemu ya ngano yenyewe. Mwanaanthropolojia wa Marekani, William Bascom, alikusanya ngano za aina hii kutoka sehemu nyingi za Afrika na kuzichapisha katika kitabu mwaka 1975, na sifa aliyoitilia mkazo ni hii hii ya kuwaachia wasikilizaji swali la kujadili. Vitabu vyetu vya kiada huitaja kwa nusu sentensi, au huiacha kabisa, kwa sababu ngano ikishachapishwa hadhira yake haionekani tena.

Ili kulifafanua jambo hili nitatumia mfano ambao pengine utamshangaza mwalimu wa makamo yangu, yaani gemu za video. Naandika nikiwa Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, mahali ambapo mtu angedhani gemu ni habari ya mbali. Sivyo. Wanafunzi wetu wana jamaa zao Voi na Mombasa, simu zimefika, na shule zikifunguliwa baada ya likizo utawasikia wakisimuliana gemu kama sisi tulivyosimuliana sinema za Kihindi. Wanazijua. Tusilojua ni sisi.

Kuna gemu za mpira na za magari, na hizo hazituhusu. Zinazotuhusu ni zile za kisimulizi, ambamo mchezaji anavaa uhusika wa mtu fulani, anasafiri, anazungumza na wahusika wengine, na kila mara anapewa majibu mawili au matatu achague la kusema au la kutenda. Chaguo lake linageuza ploti. Wachezaji wawili walioanza mahali pamoja wanaweza kumaliza hadithi mbili tofauti.

Chukua The Witcher 3, iliyotolewa mwaka 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, na ambayo imejengwa juu ya vitabu vya mwandishi Andrzej Sapkowski. Mhusika mkuu ni Geralt, mwinda mazimwi kwa ujira. (Mazimwi! Mwalimu wa fasihi simulizi hatakosa pa kuanzia.) Anamtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama bintiye. Mwishoni mambo matatu yanawezekana: Ciri anaishi na kuwa mwinda mazimwi kama mlezi wake, au anaishi na kurithi kiti cha enzi cha baba yake mzazi, au anaingia katika hatari ya mwisho na harudi.

Sasa tazama ni nini kinachoamua. Mtu angetarajia vita vikubwa ndivyo viamue, lakini waandishi wameuficha mwisho katika nyakati ndogo za malezi. Ciri amefiwa na mzee aliyempenda, ana huzuni: je, utamwambia si lazima afaulu kila kitu na kumpa kileo, au utamtoa nje mrushiane theluji mpaka acheke? Anaitwa kuzungumza na wanawake wenye nguvu za uchawi wanaotaka kumtumia: utamsindikiza kama mtoto, au utamwacha aingie peke yake? Anataka kuzuru kaburi la kijana aliyemsaidia: utaenda naye, au utasema hakuna wakati? Hakuna kengele inayolia kukuambia kwamba hapa ndipo mwisho unapoamuliwa. Saa nyingi baadaye mchezaji aliyemlinda binti kupita kiasi anaachwa na upweke, naye ataketi ajiulize alikosea wapi. Atarudi nyuma kimawazo akitafuta. Huo, mwalimu, ndio uhakiki wa sababu na matokeo katika ploti, na kijana anaufanya bila kulazimishwa na mtu.

Usidhani lakini kwamba mchezaji yuko huru kama ndege. Hesabu ni rahisi. Tuseme hadithi ina njia panda 10, na kila moja ina njia 2. Kama kila chaguo lingezaa hadithi yake, zingekuwa hadithi 1,024, kila moja ikihitaji kuandikwa, kuchorwa na kutiwa sauti. Hakuna kampuni iwezayo. Kwa hiyo waandishi hufanya mambo mawili. Kwanza, wanayakutanisha matawi: ukienda kushoto au kulia utafika kijiji kile kile, ila salamu utakazopewa zitatofautiana. Pili, programu inaweka hesabu ya siri ya matendo yako, na penye mwisho inaangalia jumla iliyopatikana. Uhuru upo, ila ni ndani ya ua uliojengwa na mtunzi. Fanani wa ngano alilijua hili zamani. Anapouliza nani aokolewe, yeye ndiye aliyekwisha kuamua kwamba mtumbwi uwe mdogo.

Wachezaji hukasirika wakiugundua ua huo. Mass Effect 3 ya kampuni ya BioWare ya Canada ilipotoka Machi 2012, watu walikuwa wamebeba maamuzi yao tangu gemu ya kwanza ya mwaka 2007 na ya pili ya mwaka 2010. Walipofika mwisho walipewa machaguo machache ambayo matokeo yake, kwa macho, yalifanana mno. Malalamiko yalikuwa makubwa hata kampuni ikatoa mwisho uliorefushwa mwezi Juni mwaka huo huo, bila malipo. Mimi nadhani walalamikaji walikuwa na hoja. Ukimwuliza mtu aamue, kisha jibu lake lisibadilishe kitu, umemdhihaki. Mwalimu anayeuliza darasa swali la mtanziko huku ana jibu moja tu mfukoni anafanya dhihaka hiyo hiyo.

Jambo la pili linalotenganisha gemu na maisha ni kwamba mchezaji anaweza kuhifadhi alipofika, ajaribu njia moja, isipompendeza arudi. Undertale, iliyotungwa na Toby Fox wa Marekani mwaka 2015, inaicheza hali hii kwa ustadi. Humo unaweza kumwua kila adui au kumsamehe kila mmoja. Lakini ukiua kisha ukaanza upya ili uonekane mwema, yupo mhusika anayekuonyesha kwamba anakumbuka ulilofanya. Chaguo linalofutika bila alama halina uzito.

Sisi pia tumekuwa na sanaa ya aina hii, tena jukwaani. Mbrazili Augusto Boal alieneza tangu miaka ya 1970 maigizo ambayo mtazamaji huruhusiwa kuyasimamisha na kuingia mwenyewe kubadilisha tendo. Hapa Kenya, katika miaka ya 2000, vikundi vya vijana viliigiza hadharani kwa mtindo ulioitwa Magnet Theatre, hasa kuhusu UKIMWI: igizo husimama penye mtanziko, mwelekezaji akawauliza watazamaji mhusika afanye nini, na mwenye jibu hupanda akaonyesha. Hadhira tendi katika maana yake kamili.

Je, basi kazi yenye mwisho mmoja ni duni? La hasha. Mfikirie Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969. Vita vya Maji Maji vimeshindwa, Kinjeketile yuko kizuizini, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akisema atapata nafuu. Anakataa, kwa kuwa anaona neno hilo litatumiwa kuwafundisha watoto kwamba wazee wao walikosea kupigana. Hebu fikiria tamthilia hiyo kama gemu: bonyeza hapa akane, bonyeza pale akatae. Nusu ya wachezaji wangemfanya akane, na waliomfanya akatae wangekuwa wanajisifu wenyewe. Uzito wa tendo lile unatokana na kwamba ni lake peke yake, nasi hatuwezi kumsaidia wala kumzuia. Hata katika gemu si lazima mwisho ugawanyike. Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, iliyotungwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ni ya kijana anayepatana na Kalunga, mungu wa kifo, ili amrudishiwe baba yake aliyefariki. Wahusika wake wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili. Mwisho wake ni mmoja, na ingekuwa ajabu kama mchezaji angeruhusiwa kuchagua baba afufuke.

Kwa hivyo swali la kumfundisha mtahiniwa ni hili: katika kazi hii, nani amepewa mamlaka ya kuamua, mhusika, mtunzi au hadhira, na mamlaka hayo yanaleta maana gani?

Nipendekeze ngano ya kujaribia darasani. Nimeitunga mwenyewe, ila mandhari yake ni ya kweli. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani kutoka koloni lao la kusini yalishambulia kambi ya Waingereza hapa Kasigau. Simulia hivi: kijana anachunga mbuzi chini ya mlima pamoja na mdogo wake. Askari wa kigeni wanatokea nyikani, wanamshika mdogo, na kumwambia mkubwa awaonyeshe njia ya kambini. Akiwaonyesha, mdogo atapona, lakini serikali ikijua itakiadhibu kijiji kizima. Akikataa, mdogo atauawa. Au awadanganye, awapotezee nyikani, na labda wafe kiu wote pamoja. Nyamaza hapo. Gawa darasa makundi matatu, kila kundi litetee njia yake na kuutunga mwisho wake, na usiwaambie ni upi ulio sahihi.

Wakimaliza, waeleze kilichotokea. Waingereza waliwashutumu wakazi wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu mpaka Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Wanafunzi watasema: kumbe miisho yetu yote mitatu inaishia Malindi! Naam. Katika gemu ya mwaka 2012 matawi kukutana lilikuwa kosa la ufundi. Katika ngano hii kukutana huko ndiyo maudhui. Serikali ya mkoloni haikuuliza ni nani aliyeamua nini. Iliadhibu mlima mzima. Darasa linalofika hapo limeuona uhusiano wa ploti na maudhui kwa namna ambayo maelezo ya ubaoni hayawezi kuifikia.

Ukiifundisha katika shule za huku, kuwa mwangalifu. Wapo wanafunzi ambao wazee wao walizaliwa au kuzikwa uhamishoni. Watume wakaulize nyumbani kabla ya somo, na usiruhusu mjadala ugeuke kutafuta ukoo wa kulaumiwa.

Tukija kwenye mtihani, nawe mtahiniwa nisikilize. Katika karatasi ya 102/3, ukipewa ngano na kutakiwa uitambue kisha utoe ushahidi, usiishie kuandika "mhusika ana chaguo gumu". Onyesha machaguo yenyewe, onyesha kwamba kila moja lina hasara yake na hakuna lililo jepesi, kisha utaje sentensi inayoielekea hadhira, hasa ikiwa ngano imemalizika kwa swali. Kama mhusika ameamua na fanani ametoa funzo, bado inaweza kuwa ya mtanziko kwa maana ya silabasi, lakini ushahidi wako uutoe kwenye kifungu, usiuote. Kuhusu vitabu teule, usimtungie mwandishi mwisho. Ukiulizwa hatima ya mhusika, andika iliyomo kitabuni. Palipoachwa wazi sema pameachwa wazi, na ueleze ni taharuki au fikra gani inayozaliwa na uwazi huo. Ruhusa ya kutunga unayo kwenye karatasi ya insha, 102/1, unapoambiwa kisa chako kimalizikie kwa maneno fulani. Huko mambo yamegeuzwa: mwisho umefungwa na njia zote ziko wazi, nawe ndiwe unayejenga ua.