JUA LA DAR LIMEZAMA, LA CHAPWA BADO LINAWAKA. KWA NINI?

Leo naleta kitu ambacho sisi wa Tunduma tunaishi nacho kila siku, ila hatukiulizi.

Ramadhani moja ya mwezi wa Machi nilikuwa Chapwa kwa ndugu zangu. Futari ipo mezani, tumekaa kibarazani tunasubiri. Saa 12 na nusu imepita kidogo, simu ikalia. Shangazi, yuko Mbagala. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza:

"Mmeshafuturu?"

"Bado, shangazi."

"Bado nini? Huku adhana imeshalia, na giza ndo hilo linaingia!"

Mdogo wangu kusikia hivyo akanyakua tende. Mzee wa nyumba akamdaka mkono. "Tazama nje kwanza." Kutazama upande wa Zambia, jua hilo hapo, jekundu, wala halijagusa vilima. Angemeza ile tende, saumu yake ya siku nzima ingekuwa imekwenda na maji kwa sababu ya simu ya Mbagala.

Sasa tuje kwenye hesabu, ni rahisi tu. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi 1 kila dakika 4. Dar iko kwenye nyuzi 39.3 mashariki, Tunduma iko kwenye 32.8. Tofauti ni nyuzi 6.5. Zidisha kwa 4, unapata dakika 26. Kwa hiyo mwezi wa Machi Dar jua linazama kama saa 12:34, Chapwa ni kama saa 1:00 kamili.

Na hizo 26 hazikai pale pale mwaka mzima. Tunduma iko kusini zaidi ya Dar, kwa hiyo Desemba mchana wetu ni mrefu kidogo kuliko wao na tofauti inafika kama dakika 30. Juni inashuka hadi kama 22.

Mliowahi kukaa Dar mtakumbuka jioni zake. Watu wengi wanadhani pale jua linazama baharini. Hapana! Bahari ya Dar iko mashariki. Jua linakwenda nyuma ya vilima vya Pugu, kule kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Anayetaka kuliona likizama majini avuke Zanzibar akakae Forodhani, maana Mji Mkongwe unatazama magharibi.

Ila Coco Beach kuna kitu kingine. Jua likishazama, lipe mgongo utazame baharini. Kukiwa hakuna mawingu utaona mstari wa bluu nzito unapanda kutoka majini, na juu yake rangi ya waridi. Ule mstari ni kivuli cha dunia yenyewe. Yaani Dar usiku unatokea baharini kabisa! Kunguru wanakimbilia kulala, mikoko ya Kunduchi inakuwa nyeusi, na ndani ya dakika 21 hadi 23 unahitaji taa. Sisi tulio karibu na ikweta jua linashuka wima, halibembelezi. London mwezi Juni ule mwanga wa baada ya jua kuzama unachukua zaidi ya dakika 40.

Kivuli hicho hicho ndo kinakuja kwetu, mwendo wa kama kilomita 1,650 kwa saa. Basi la Dar linatoka alfajiri na kutufikia limechoka, usiku unatumia dakika 26 tu.

Sasa utamu uko kwenye saa. Tanzania nzima inatumia saa moja, na saa hiyo imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45, ambao unapita huko karibu na Mogadishu. Zambia wanatumia mstari wa nyuzi 30. Sisi tuko 32.8! Kumbe kwa jua tuko karibu na saa ya Zambia kuliko ya kwetu wenyewe. Ndo maana Desemba jua linazama Chapwa kama saa 1:07, tunasema "usiku" huku linatupiga usoni. Ukivuka mpaka hapo Nakonde, jua lile lile, muda ule ule, wao wanasoma saa 12:07 jioni.

Asubuhi ndo kuna kazi. Juni jua la Tunduma linachomoza kama saa 1:03. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 kwenda shule anatembea gizani, na baridi yetu mnaijua. Mwenzake wa Dar jua limemtokea nusu saa kabla.

Kwa hiyo wadau, mambo matatu:

1. Mfungaji wa Tunduma usifuturu kwa adhana ya redio ya Dar. Tafuta ratiba ya Tunduma yenyewe. Kwenye daku ukiifuata Dar utaacha kula mapema tu, haina madhara. Kwenye futari unavunja saumu.

2. Kama simu yako inajipangia saa yenyewe, iangalie. Ikidaka mnara wa ng'ambo inaweza kurudi nyuma saa nzima, na basi la alfajiri halikusubiri.

3. Ukiahidiana na mtu wa Nakonde, sema "saa ya Tanzania" au "saa ya Zambia". Kusema saa 4 peke yake ni kutafuta ugomvi.

Yule mdogo wangu alisubiri, tukafuturu wote kwa saa yetu. Shangazi alipiga tena baadaye kuuliza kama tumekula. Tulikuwa ndo tunanawa.

Wadau wa Kigoma, nyie jua linachelewa kuliko Dar kwa kama dakika 39. Huko mnafuata saa ya nani? Tupeni habari.

Nawasilisha.