Usikivu, Unyeti na Kelele: Kubaini Uwezo wa Kikuza-Ishara cha Kwanza katika Kipokezi cha Redio

Makala haya yanafafanua namna unyeti wa kipokezi cha redio unavyobainishwa, kwa kuwa istilahi tunazozitumia katika eneo hili hupotosha hesabu yenyewe. Neno "usikivu" tayari lina kazi yake: Watanzania wanaposema usikivu wa redio umeboreshwa, humaanisha kuwa matangazo sasa yanafika mahali ambapo hayakuwa yakifika. Hiyo ni sifa ya mtambo wa kurushia na ya eneo. Unyeti ni sifa ya kipokezi, yaani ishara dhaifu kabisa ambayo kinaweza kuitambua.

Mpaka wa udhaifu huo huwekwa na kelele. Kelele hapa si ghasia za sokoni. Ni nguvu ya umeme itokanayo na mtikisiko wa elektroni katika kitu chochote chenye joto. Katika kelvini 290, nguvu hiyo ni -174 dBm kwa kila hezi moja ya upana wa bendi. Bendi ya kilohezi 200, kama ya FM, huongeza desibeli 53. Tukijumlisha desibeli 3 za kelele ya kipokezi chenyewe na 10 za tofauti inayotakiwa baina ya ishara na kelele, tunapata unyeti wa -108 dBm.

Katika hesabu hiyo, mhandisi ana uhuru mkubwa zaidi juu ya zile desibeli 3, na takribani zote hutoka katika kikuza-ishara cha kwanza, kile kilicho karibu na antena. Harald Friis alilionyesha jambo hili mwaka 1944: kelele ya kila hatua inayofuata hugawanywa kwa ukuzaji wa hatua zilizoitangulia, ilhali ya hatua ya kwanza haipunguzwi na chochote.

Kuipima kelele hiyo hakuhitaji ishara. Kikuza-ishara huunganishwa kwanza na kizuio chenye joto la chumba, kelvini 290, kisha na kizuio kilichozamishwa katika naitrojeni kimiminika, kelvini 77. Nguvu itokayo hupimwa mara zote mbili. Uwiano ukiwa 2.55, kikuza-ishara kina kelele ya takribani kelvini 60, sawa na desibeli 0.8. Uwiano ukikaribia 1, kelele ya kifaa imeifunika tofauti ya vizuio.

Thamani ya kazi hii ilionekana Holmdel, New Jersey. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walilinganisha antena yao na kizuio kilichopozwa kwa heliamu kimiminika, wakakuta ziada ya kelvini 3.5 hivi isiyoelezeka. Waliwaondoa hata njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani ya antena, ziada ikabaki. Kwa kuwa walikuwa wameipima kelele ya mitambo yao, hawakuweza kuisingizia mitambo. Ilikuwa mnururisho uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu, nao wakatunukiwa Nobeli mwaka 1978.

Kwa washauri wa sera, hatari imo katika sentensi moja ya zabuni. "Unyeti usiopungua -108 dBm" husomeka vizuri, lakini -90 haipungui -108. Mzabuni mwenye kipokezi duni atakuwa ametimiza sharti kwa herufi, na kituo cha tahadhari ya mafuriko hakitapata ishara ya mtoni siku inapohitajika. "Unyeti wa juu" nao hauponyi kitu, maana msomaji mmoja atafikiria ubora na mwingine namba. Tunapendekeza kuacha vivumishi na kutumia kitenzi: "kipokezi kiweze kutambua ishara yenye nguvu ya -108 dBm au iliyo dhaifu zaidi, katika bendi ya kilohezi 200, ishara ikiizidi kelele kwa desibeli 10." Ni ndefu, na waandishi wa nyaraka hawaipendi. Hata hivyo, bila upana wa bendi na uwiano huo, namba ya unyeti haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.